Tuanzie ardhini tunapojenga viwanja vya watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa miaka mingi nimelifanya vibaya kwa mikono yangu mwenyewe. Mimi ni fundi chuma. Karakana yangu iko Pasua, Manispaa ya Moshi, na kwa miaka 19 sasa sehemu kubwa ya riziki yangu imetokana na bembea, mitelezo na vyuma vya kukwea ninavyochomelea kwa ajili ya shule za awali, makanisa, hoteli na watu binafsi, kuanzia Himo hadi Arusha mjini. Sisemi haya kwa kujitangaza, bali nataka msomaji ajue tangu mwanzo kwamba lawama zitakazofuata zinaanzia kwangu.

Miaka sita iliyopita nilikabidhi kazi katika shule moja ya awali ya hapa mjini. Nilikuwa nimesimika bembea nne, mtelezo mmoja na ngazi ya kukwea, na kuzunguka eneo lote nilijenga ukingo wa matofali wenye kimo cha sentimita 20, nikajaza mchanga wa mtoni ndani yake, kwa sababu mwenye shule alitaka watoto wasiumie wanapoanguka, na mimi nilimhakikishia kwamba hakuna kinachoushinda mchanga. Siku ya kukabidhi wazazi walialikwa. Mama mmoja alikuja na binti yake wa miaka mitano hivi, aliyekaa kwenye kiti mwendo kwa kuwa alizaliwa na mgongo wazi. Wenzake walivua viatu wakarukia mchangani. Mama akakiinua kiti upande wa mbele, akavuka ukingo, akasukuma. Yale magurudumu madogo ya mbele yaligeuka upande, yakajichimbia, na kiti kikagoma. Akakigeuza, akakivuta kinyumenyume kama wanavyofanya wote waliozoea njia zetu, akaenda hatua tatu hivi, akachoka. Mwishowe alimrudisha binti nje ya ukingo, na mwalimu, kwa nia njema kabisa, akampa mtoto yule kazi ya kushika viatu vya wenzake. Nilipokuwa naelekea ofisini na hati ya kukabidhi kazi, alikuwa na jozi saba au nane mapajani, na ndara mbili zimetundikwa kwenye mshikio wa kiti. Hati ilisainiwa, nikalipwa, nikaenda zangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, nikiuliza na kupima, na nimefika mahali ambapo naona wajenzi, kamati za shule na wafadhili tunaanza kazi hii kutoka mwisho wake. Kila ninapopigiwa simu kuhusu watoto wenye ulemavu, swali huwa ni lilelile: “Fundi, ile bembea ya walemavu unaitengeneza kwa shilingi ngapi?” Siku hizi namwomba aliyepiga anieleze kwanza lango lake lina upana gani, na kutoka langoni hadi mahali pa kuchezea kuna nini chini. Wengi hukata simu wakidhani nakwepa kazi. Lakini bembea maalumu iliyosimama katikati ya mchanga, nyuma ya lango la sentimita 60, ni pambo la siku ya uzinduzi tu.

Sitawachosha wasomaji kwa vifungu vya sheria, maana sheria tunazo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 31, unautaja mchezo kuwa haki. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika ibara ya 30 kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine, na unazitaja shule waziwazi. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inahesabu kucheza miongoni mwa stahili ambazo mzazi au mlezi anapaswa kumpatia mtoto, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kinachokosekana ni mtu wa kuzigeuza ibara hizo kuwa sentimita, nondo na moramu, na hapo ndipo sisi mafundi tunapoingia, au tunapokwamisha.

Nianze na ule mchanga wangu. Nilikuwa nauamini kwa sababu wote wanauamini, lakini mwongozo wa viwanja vya umma unaotolewa na tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa unaonyesha jambo ambalo lilinitoa jasho. Mchanga ulioshikana wa kina cha sentimita 23 unatosha kumkinga mtoto anayeanguka kutoka kimo cha mita 1.2 tu, ilhali vipande vidogo vya mbao vya kina hichohicho vinamkinga anayeanguka kutoka mita 3. Kwa maneno mengine, vifaa vyangu vyenye jukwaa la mita 1.5 juu ya mchanga wa sentimita 15 havikuwa salama hata kwa yule mtoto anayekimbia na kuruka apendavyo. Mchanga ulimzuia mwenye magurudumu bila kumlinda asiye nayo. Tena ukilowa masika na kukauka baadaye hugandamana, na paka wa mtaa mzima huugeuza msala wao, jambo ambalo walimu wa awali wanalifahamu kuliko mimi.

Hivyo nimeacha kujaza mchanga uwanja mzima. Mchanga nauweka kwenye meza, yaani sinia kubwa la bati lililoinuliwa kwa miguu ya chuma, lenye nafasi chini yake ya magoti ya mtoto aliyekaa kwenye kiti, ili aliyesimama na aliyekaa wachimbe na kujenga nyumba zao wakiwa uso kwa uso. Eneo la kuangukia, chini ya bembea na vyuma vya kukwea, nalijaza vipande vya mbao. Nilijaribu maranda ya maseremala kwa kuwa ni ya bei ndogo, lakini mvua mbili zilitosha kuyafanya uji, na mchwa wakaja kumalizia. Vipande vinene vya ukubwa wa kidole gumba vinadumu zaidi, mradi visitokane na zile mbao za rangi ya kijani zilizotiwa dawa, kwa sababu dawa yake si kitu cha kuachia watoto wanaotia vidole mdomoni. Na visiachwe tu baada ya kumwagwa, maana chini ya bembea miguu ya watoto huchimba shimo kila juma, na shimo hilo lisipofukiwa kipimo chote nilichotaja hakina maana tena.

Vipande vya mbao navyo havibebi magurudumu vizuri, na ndiyo maana jambo kubwa kuliko yote katika barua hii ni njia. Iwepo njia ngumu, tambarare, yenye upana wa mita 1.5, inayotoka langoni, ikapita kivulini, ikafika hadi ubavuni mwa kila kifaa na kwenye choo. Upana huo ndio unaotakiwa na viwango vya Marekani vya 2010 kwa njia za ardhini katika viwanja vya watoto, na sababu yake inaeleweka bila digrii: kiti mwendo kinahitaji kiasi hicho ili kigeuke, na watoto viziwi wanaozungumza kwa mikono wanahitaji kutembea sambamba wakionana. Njia hiyo haihitaji mpira wa kumwagwa kutoka ng’ambo, ambao bei yake humfanya mwenyekiti wa kamati afunge daftari. Mimi nachimba sentimita 15, najaza moramu, namwagia maji, nashindilia, kisha juu naweka vumbi la mawe lililochanganywa na saruji kidogo na kushindilia tena. Kwenye maeneo ya chini ya mji, ambako udongo mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi, nalazimika kuchimba zaidi. Pevingi nazo zinafaa, ila mpangaji awe mwangalifu, kwa sababu tofali moja lililonyanyuka kidogo tu linatosha kumkwaza mtoto anayetembea kwa magongo.

Kwa anayetaka kupima njia ya uwanja wake bila kumwita mtaalamu, kuna jaribio nililolizoea. Chukua begi la safari lenye magurudumu madogo, weka vitabu ndani liwe zito, kisha lisukume kwa mkono mmoja kutoka barabarani hadi kwenye bembea. Popote litakapokulazimu kuliinua, hapo pana kazi ya kufanya.

Lango ni suala gumu zaidi kuliko linavyoonekana, na hapa nakiri kwamba sina jibu la chuma. Sehemu nyingi za wazi katika miji yetu zimewekewa vyuma vya kupishana langoni ili bodaboda wasikatize na ng’ombe wasiingie, nami nimevichomelea vingi. Vinawazuia bodaboda kweli, lakini vinamzuia pia mwenye kiti mwendo, mama mwenye mimba kubwa na bibi mwenye fimbo aliyemleta mjukuu. Uwazi wa sentimita 90 unaomtosha mwenye kiti unamtosha pia mwendesha pikipiki anayejua kukunja usukani. Nimejaribu mapindo, nimejaribu vizuizi vya chini, na bado sijaona chuma kinachoweza kuwatofautisha wawili hao. Anayeweza ni mlinzi, na mshahara wa mlinzi haumo katika mchoro wa uwanja wowote nilioonyeshwa mpaka leo. Mlinzi huyohuyo angetusaidia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao vijana wao hufungua minyororo na beringi usiku. Kuna uwanja mmoja nimerudishia minyororo mara tatu.

Baada ya njia huja swali la kupanda juu. Watu wengi wamesikia kwamba ulemavu maana yake ni kuweka njia ya mteremko, kwa hiyo huiagiza kama wanavyoagiza rangi. Mteja mmoja alinitaka niunganishe njia ya namna hiyo kwenye jukwaa lenye kimo cha mita 1.5, akanionyesha nafasi ya mita 3 kati ya jukwaa na ukuta. Kipimo kinachokubalika kwa njia ya kupanda jukwaani ni angalau sentimita 12 za kwenda mbele kwa kila sentimita 1 ya kupanda, maana yake jukwaa lake lilihitaji mita 18, mbali na sehemu tambarare za kupumzikia kila baada ya sentimita 30 za kimo. Nilimweleza kwamba kile alichoniagiza kilikuwa mtelezo wa pili. Hakufurahi, na kazi akampa mwingine.

Kwa shule yenye kiwanja kidogo, naona afadhali kujenga jukwaa la kuhamia. Ni ubao imara ulioinuliwa kati ya sentimita 28 na 45 kutoka ardhini, sawa na kimo cha kiti, ambapo mtoto mwenye nguvu ya mikono anahama mwenyewe kutoka kwenye kiti chake, kisha anapanda kwa makalio ngazi pana zisizozidi sentimita 20 kila moja, akishika vyuma vya pembeni, hadi kileleni mwa mtelezo. Akiteleza akafika chini, awepo mtu wa kumletea kiti chake. Jambo hili linasahauliwa hata katika michoro mizuri. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mita 18 za zege, na mtoto anapata kitu ambacho njia ya mteremko haimpi, nacho ni kupanda kwa jasho lake.

Ngazi fupi zinawafaa wengi zaidi ya wenye viti. Nikiwa na kazi upande wa Arumeru, kuelekea Maji ya Chai, nilikutana na watoto wengi wenye matege makali. Wakazi wa huko hawahitaji kuelezwa chanzo: maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba floraidi nyingi, ikatia meno rangi ya kahawia na, ikizidi, ikapinda mifupa ya mtoto anayekua. Ngazi zangu za kukwea zilikuwa na nafasi ya sentimita 35 kati ya chuma na chuma. Mvulana mmoja alizipanda zote, lakini kila hatua ilimbidi auzungushe mguu kwa nje kama anayepanda baiskeli ya baba yake. Hakulalamika, wala hakuna aliyemwita mwenye ulemavu. Niliporudi karakana nilipunguza nafasi zikawa sentimita 20, na sijasikia mtoto yeyote mwenye miguu iliyonyooka akinung’unika kwamba ngazi zimekuwa rahisi mno.

Kuhusu jua, sisi wa Kaskazini tuna sababu ya pekee ya kulifikiria. Hospitali ya KCMC hapa Moshi hutengeneza mafuta ya kukinga ngozi, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na jitihada hiyo inajulikana mbali. Lakini mtoto aliyepakwa mafuta asubuhi hutolewa saa nne kwenda kucheza kwenye uwanja usio na hata mti mmoja, kwa sababu mkandarasi alisafisha eneo lote kwa greda kabla ya kuanza kazi. Miringaringa na mijakaranda iliyopo isikatwe, na kwenye kiwanja kitupu ipandwe kabla hata ya kuagiza chuma, huku turubai au paa la makuti likitoa kivuli kwa muda. Mjakaranda ninaupenda kama kila mwenyeji wa miji hii miwili, ila usiinamie njia yenyewe, kwa sababu maua yake yakianguka huteleza, na mwenye magongo hana mguu wa akiba. Kwa kuwa wengi wenye ualbino huona kwa shida, na wapo wengine wenye uoni hafifu, kingo za ngazi na mwanzo wa eneo la bembea vipakwe njano iliyokolea juu ya rangi ya giza. Kopo moja la rangi linatosha uwanja mzima.

Kivuli kinahusu pia mtelezo, na hapa kuna jambo ambalo lilinifurahisha kama fundi chuma. Kwa muda mrefu wateja wamekuwa wakiniambia kwamba mitelezo ya plastiki kutoka nje ni ya kisasa na yangu ya bati ni ya kishamba. Kumbe mtelezo wa plastiki hukusanya umeme tuli mwili unapousugua, na umeme huo unaweza kuvuruga mipangilio ya kile kifaa kinachopandikizwa sikioni kumsaidia kiziwi kusikia, upasuaji ambao unafanyika hata kwetu, Muhimbili. Kwa mtoto huyo chuma ni salama zaidi. Hata hivyo chuma kikipigwa na jua huunguza, na mtoto mwenye mgongo wazi anaweza asihisi joto mapajani mpaka ngozi ibabuke. Vitabu vya Ulaya hushauri mtelezo uelekezwe kaskazini. Ushauri huo hautufai sisi tulio nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, ambao jua hutupitia utosini na kubadili upande mara mbili kwa mwaka. Kwetu dawa ni mti.

Sijasema mengi kuhusu watoto wenye usonji, na sababu ni kwamba mahitaji yao hayako sana katika chuma. Mwalimu mmoja wa elimu maalumu alinielekeza kuweka uzio usio na mwanya, kwa kuwa wapo wanaotoka mbio bila kuangalia barabara, na kibanda kidogo pembeni, chenye upande mmoja wazi, ambapo mtoto aliyezidiwa na kelele anaweza kuketi akiwaona wenzake. Nimejenga vibanda viwili vya namna hiyo, na nakiri kwamba wanaovipigania zaidi ni watoto wote wanaocheza kombolela.

Hilo linanileta kwenye woga wangu mmoja, kwamba tutaishia kujenga kona za walemavu, zenye kibao na uzio wake. Huko San Antonio, Texas, kuna bustani ya michezo iitwayo Morgan’s Wonderland, iliyofunguliwa 2010 kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Aliyeianzisha, Gordon Hartman, alikuwa amemwona binti yake mwenye ulemavu akijaribu kucheza na watoto wengine kwenye bwawa la kuogelea, nao wakatoka majini. Wenye ulemavu huingia bila kulipa, lakini mlango ni wa wote, na nia yake ni kwamba wachanganyike. Hatuna fedha za Texas. Hata hivyo meza ya mchanga inayotosha watoto sita, jukwaa la kuzunguka lililolingana na ardhi ili kiti kiingie na wenzake wasukume, na bembea mbili tofauti zilizotundikwa kwenye bomba moja, vyote vinawezekana katika karakana yoyote yenye grenda. Jukwaa la kuzunguka nalitolea tahadhari moja tu, kwamba shimo lake lisipochimbiwa mtaro au kujazwa kokoto chini, masika litakuwa kisima na beringi zitakufa kabla ya Julai.

Ombi langu ni kwa wale wanaoidhinisha michoro na kushika fedha: halmashauri, wakuu wa shule, kamati za ujenzi na wafadhili. Madarasa mengi ya awali yanajengwa sasa, mengi kwa utaratibu wa force akaunti ambapo fundi wa mtaani kama mimi hukabidhiwa kazi moja kwa moja, na mara nyingi mstari wa uwanja wa watoto katika makisio husomeka “bembea na mtelezo, seti moja”, basi. Mstari huo uvunjwe. Iandikwe njia, urefu na upana wake, lango na uwazi wake, vipande vya mbao vya kuangukia na kina chake, miti na mtu wa kuimwagilia, kisha bembea. Fedha zikipungua, kiondolewe kifaa kimoja na njia ibaki, kwa sababu kifaa unaweza kukiongeza mwakani bila kubomoa kitu, ilhali njia iliyosahauliwa hudai kung’oa vyote. Kabla ya kusaini, aitwe mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, na mtaalamu mmoja. Hatuko mbali nao, kwani wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa tiba kwa vitendo hufundishwa KCMC, na walimu wa elimu maalumu huandaliwa Patandi, Tengeru. Wapo watakaosema, kama ninavyoambiwa karibu kila mwezi, kwamba shuleni kwao hakuna mtoto wa hivyo. Namjua mmoja ambaye hakuwepo shuleni pale kufikia muhula uliofuata, na mwenye shule akaniambia jambo hilohilo.

Binti yule sasa ana miaka kumi na moja. Mama yake aliniletea kazi ya kuchomelea kiti chake kilichokatika mshikio, ndipo tukafahamiana upya, na tangu hapo kila ninapotengeneza kitu kipya namwomba aje ajaribu. Mwezi uliopita nilimwonyesha bembea ya duara, pana kama ungo mkubwa, iliyosukwa kwa kamba ndani ya bomba lililokunjwa, ambayo mtoto anaweza kuilalia pamoja na wenzake wawili. Nilikuwa nimeitundika chini na kuifunga minyororo mifupi ili isiende mbali, nikiamini kwamba nimefanya jambo la busara. Alihama mwenyewe kutoka kitini, akalala, mdogo wake akamsukuma mara tano au sita. Kisha akaniita.

“Babu, hii ni ya watoto wachanga.”

Nimeinua boriti kutoka mita 1.8 hadi mita 2.4, nimerefusha minyororo, na nimeagiza vipande vya mbao vya kutosha sentimita 30 chini yake. Anakuja Jumamosi kuijaribu tena.

Wako,
Fundi chuma,
Pasua, Moshi.